Oksidisho la Kolesteroli na Afya ya Ateri za Wakimbiaji wa Masafa Marefu

0. Utangulizi

Miongoni mwa wapenzi wa riadha imejengeka imani kwamba mtu akimbiaye masafa marefu kila wiki huyachoma mafuta yote ya mwilini mwake, na kwa sababu hiyo mishipa yake ya damu haiwezi kuziba. Imani hiyo haikuzaliwa mitaani tu. Katika miaka ya 1970 tabibu mmoja wa Marekani, Thomas Bassler, aliitetea mbele ya matabibu wenzake. Alidai kwamba mtu asiyevuta sigara, na awezaye kumaliza mbio za marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, kwa muda usiozidi saa nne, amekingwa kabisa na ugonjwa wa ateri za moyo. Mwaka 1979 Timothy Noakes na wenzake wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walilijibu dai hilo kwa ushahidi wa uchunguzi wa maiti: walieleza habari za wakimbiaji wa marathoni waliokutwa na ateri za moyo zilizosongwa na mafuta. Dai lilianguka, lakini imani ingali hai. Na mtu aliyeishika sana huweza kuyapuuza maumivu ya kifua ambayo yangempeleka mwingine kwa daktari siku hiyo hiyo.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi kolesteroli inavyoharibika kwa oksijeni na kuigeuza ateri iliyokuwa laini kuwa mshipa mgumu na mwembamba. La pili ni yale ambayo mbio zinaweza kuyafanya, na yale ambayo haziwezi kuyafanya, mbele ya uharibifu huo. Hoja yetu ni hii: mbio huipanua ateri na kuilainisha, lakini haziisafishi. Kati ya kupanua na kusafisha kuna tofauti inayoweza kugharimu uhai wa mtu.

1. Istilahi chache

Kwa kuwa somo hili huelezwa zaidi kwa lugha za kigeni, yafaa tuanze kwa kukubaliana juu ya maneno. Ateri ni mshipa unaochukua damu kutoka moyoni na kuipeleka katika viungo. Vena ni ule unaoirudisha. Ateri za moyo, katika makala haya, ni zile zinazoulisha msuli wa moyo wenyewe. Kolesteroli, ambayo baadhi ya waandishi wa Tanzania huiita lehemu, ni aina ya mafuta inayotengenezwa hasa na ini. Si sumu. Pasipo kolesteroli kuta za seli zisingesimama imara, nyongo isingepatikana, na homoni kadhaa zisingetengenezwa.

Neno la tatu ni oksidisho. Kila mtu amewahi kuliona oksidisho hata kama hakulijua jina lake. Chuma kikiachwa mvuani hupata kutu; mafuta ya kupikia yakikaa muda mrefu katika chombo kilicho wazi huchacha, yakabadilika harufu na ladha. Katika hali zote mbili oksijeni ya hewani imeingia katika kitu na kukibadili tabia. Mafuta yanayosafiri ndani ya damu nayo huweza kuchacha, ijapokuwa hatuyanusi wala hatuyaonji.

2. Kutoka damu hadi ukuta wa ateri

Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, kolesteroli haiwezi kuelea peke yake katika damu. Mwili huifunga ndani ya vifurushi vidogo vya mafuta na protini viitwavyo lipoprotini. Aina inayotuhusu zaidi ni LDL, ambayo huichukua kolesteroli na kuisambaza mwilini. Chembe moja ya LDL ina kipenyo cha sehemu 22 hivi za milioni moja za milimita, na ukubwa huo mdogo huiwezesha kupenya ukuta wa ateri. Aina ya pili, HDL, hushiriki katika kuirudisha kolesteroli kwenye ini.

Uhusiano wa kolesteroli na ugonjwa wa ateri ulidhihirika mwaka 1913, pale Nikolai Anichkov alipowalisha sungura kolesteroli huko Saint Petersburg, Urusi, na kuona ateri zao zikijaa mafuta. Hata hivyo lilibaki fumbo kubwa. Katika ateri zilizo gonjwa huonekana seli walinzi, makrofaji, zilizovimba kwa mafuta hata zikafanana na povu, ndiyo maana zikaitwa seli povu. Lakini mtafiti akiziweka makrofaji pamoja na LDL ya kawaida katika chombo cha maabara, hazivimbi. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya kolesteroli, walionyesha mwaka 1979 kwamba makrofaji huimeza LDL bila kiasi pale tu inapokuwa imebadilishwa kikemia. Kilichotakiwa kujulikana kikawa ni badiliko gani linalotokea ndani ya mwili wenyewe.

Jibu lilitoka hasa kwa Daniel Steinberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Katika miaka ya 1980 waligundua kwamba LDL iliyolazwa pamoja na seli za ukuta wa ateri hubadilika, na kwamba badiliko hilo ni oksidisho. Katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1989 waliutetea mtazamo kwamba wingi wa kolesteroli peke yake hauelezi ugonjwa wote. Lazima tuangalie pia jinsi LDL inavyoharibiwa baada ya kunaswa ukutani.

Mpangilio wa matukio ni huu. LDL hupenya utando wa ndani wa ateri, na baadhi yake hunaswa na nyuzi zilizo chini ya utando huo. Ikiwa imenaswa, iko mbali na vizuia-oksidisho vingi vilivyomo katika damu. Hermann Esterbauer na wenzake wa Graz, Austria, walihesabu kwamba chembe moja ya LDL ina molekuli 2,700 hivi za asidi za mafuta, karibu nusu yake zikiwa za aina inayochacha kwa urahisi, ilhali walinzi wake, molekuli za vitamini E, ni 6 tu kwa wastani. Walinzi hao wakiisha, oksidisho huenea kama moto katika nyasi kavu. Kolesteroli yenyewe nayo hugeuka kuwa oksisteroli, kama vile 7-ketokolesteroli, ambazo huzidhuru seli. Makrofaji huja kusafisha, humeza bila kujua kiasi, huvimba na kufa hapo hapo. Mabaki yake, pamoja na nyuzi na kalisi, hufanya kile tutakachokiita gamba. Gamba likipasuka, damu huganda juu yake. Na bonge hilo likiziba ateri ya moyo, sehemu ya msuli wa moyo hukosa oksijeni na kuanza kufa.

3. Fumbo la mkimbiaji

Hapa ndipo mkimbiaji anapoingia. Mtu akimbiapo kwa nguvu hutumia oksijeni mara kumi au zaidi kuliko alipoketi. Sehemu ndogo ya oksijeni hiyo hugeuka kuwa radikali huru, yaani molekuli zenye pupa ya kuoksidisha chochote kilicho jirani. Mwaka 1999 watafiti wa Ufini walionyesha kwamba LDL iliyochukuliwa kwa wakimbiaji baada ya marathoni ilioksidika kwa urahisi zaidi maabarani, na hali hiyo iliendelea kwa siku kadhaa. Kwa kufuata mantiki ya sehemu iliyotangulia, tungetazamia kwamba wakimbiaji ndio wangekuwa wa kwanza kuharibikiwa na ateri.

Lakini sivyo ilivyo. Mwili unaofanyishwa mazoezi kwa utaratibu huongeza vimeng'enya vyake vya kuzimisha radikali huru, kama vile mkono wa mkulima unavyoota sugu. Zaidi ya hayo, damu inayopita kwa kasi huusugua utando wa ndani wa ateri, na utando huo hujibu kwa kutoa oksidi ya nitriki, gesi inayoilegeza ateri na kuipanua. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo katika mishipa uliwapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Mazoezi pia hupunguza shinikizo la damu, huongeza HDL, na huusaidia mwili kuitumia sukari vema.

Pamoja na fadhila zote hizo, kuna jambo moja ambalo mbio hazilifanyi sana: haziishushi LDL kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyerithi LDL nyingi, au aliyeipata kwa ulaji wake, huikimbiza LDL hiyo pamoja naye kilomita zote. Mafuta yanayochomwa na misuli ni asidi za mafuta, kolesteroli haichomwi. Mwili wa binadamu hauna njia ya kuitumia kolesteroli kama kuni; huitoa hasa kwa njia ya ini na nyongo. Kwa hiyo ile picha ya mkimbiaji anayeyayeyusha mafuta ya ateri zake kwa jasho haina msingi katika kemia.

4. Ushahidi wa waliokufa

Mifano mitatu, miwili ya watu mmoja mmoja na mmoja wa kabila zima, yaonyesha vizuri tofauti ya kupanua na kusafisha.

Wa kwanza ni Clarence DeMar, Mmarekani aliyeshinda marathoni ya Boston mara saba, kuanzia mwaka 1911 hadi 1930. Madaktari walikuwa wamemwonya mapema kwamba moyo wake una mlio usio wa kawaida na kwamba heri aache mbio. Hakuacha; alishiriki mbio za Boston hadi alipofika umri wa miaka 65. Alifariki kwa saratani mwaka 1958, akiwa na miaka 70. Mwaka 1961 James Currens na Paul Dudley White walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti yake. Ateri za moyo wake zilikuwa na upana wa mara mbili hadi tatu ya upana wa kawaida. Wengi huikumbuka sehemu hiyo ya habari na kuisahau ya pili: ndani ya ateri hizo pana kulikuwa na magamba. DeMar hakuwa na ateri safi. Alikuwa na ateri kubwa, ambayo gamba la kiasi chake halikuweza kuiziba.

Mfano wa pili watoka Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1960 George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, aliwachunguza Wamaasai, wafugaji waishio kwa maziwa na nyama na watembeao mwendo mrefu kila siku wakifuata mifugo. Mafuta ya wanyama waliyokula yalizidi yale ya Wamarekani, lakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa ndogo, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa haba. Ilionekana kana kwamba ateri zao ni safi. Mwaka 1972 Mann na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa mioyo na aota za wanaume 50 wa Kimaasai waliokufa. Aota zilikuwa na mafuta mengi ukutani, na unene wa ukuta wa ndani wa ateri za moyo ulilingana na ule wa wazee wa Marekani. Lakini magamba yaliyopasuka yalikuwa machache sana, na ateri zilikuwa zimepanuka kadiri ya umri, hata upanuzi ukazidi unene. Watafiti walikisia kwamba ukakamavu wa mwili ndio uliozipa ateri hizo nafasi. Mchungaji wa Kimaasai na bingwa wa Boston, walioishi mbali hivyo na kula vyakula tofauti hivyo, walikuwa na ateri zinazosimulia habari moja.

Wa tatu ni James Fixx. Kitabu chake juu ya mbio, kilichotoka mwaka 1977, kilisomwa na mamia ya maelfu ya watu na kuwatoa wengi majumbani mwao kwenda barabarani. Fixx alianza kukimbia akiwa na umri wa miaka 35, akiwa mnene na mvutaji wa pakiti mbili za sigara kwa siku. Baba yake alikuwa amepata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 35, akafa akiwa na 43. Mbio zilimfanya mwana kuwa mwembamba, zikamwachisha sigara. Na yamkini zilimwongezea miaka, kwa maana aliishi miaka tisa kuliko baba yake. Lakini tarehe 20 Julai 1984, huko Hardwick katika jimbo la Vermont, alianguka akikimbia na kufa, akiwa na miaka 52. Uchunguzi ulionyesha kwamba ateri za moyo wake zilikuwa zimesongwa vibaya, moja yao ikiwa karibu kuziba kabisa. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ametembelea zahanati mashuhuri ya mazoezi huko Dallas, akashauriwa apimwe moyo akiwa mbioni, naye akakataa. Dalili ya mvua ni mawingu. Kwa Fixx mawingu yalikuwepo tangu kwa baba yake.

5. Ushahidi wa walio hai

Leo hatuna haja ya kungoja kifo. Mashine za skana huweza kuzipiga picha ateri za moyo za mtu aliye mzima. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza waliwalinganisha wanariadha 152 wenye umri mkubwa na watu 92 wasio wanariadha, wote wakiwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo. Kwa upande wa wanaume, magamba yalionekana kwa asilimia 44 ya wanariadha, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Magamba ya wanariadha yalikuwa hasa yale yaliyojaa kalisi, ambayo huhesabiwa kuwa magumu na yasiyopasuka kwa urahisi. Ya wenzao yalikuwa ya mchanganyiko, ambayo ndiyo huogopwa zaidi. Wengi walifarijika kwa tofauti hiyo.

Faraja hiyo ilitikiswa mwaka 2023 na utafiti wa Ubelgiji. Wanaume 191 waliofanya riadha ya ustahimilivu maisha yao yote, 191 walioianza baada ya umri wa miaka 30, na 176 wenye afya wasiokuwa wanariadha walipigwa picha za ateri. Waliokimbia au kuendesha baiskeli maisha yote walikuwa na magamba mengi zaidi kuliko wasio wanariadha, na hayakuwa ya kalisi pekee. Sababu yake ingali inajadiliwa: wengine hutaja shinikizo la damu linalopanda wakati wa mazoezi, wengine msukosuko wa damu penye maungio ya ateri.

Matokeo haya yasituvushe mpaka tukadai kwamba mbio zinaua. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika Dallas juu ya wanaume 21,758 ulionyesha kwamba wale waliofanya mazoezi mengi sana, hata walipokuwa na kalisi nyingi katika ateri, hawakufa kwa wingi kuliko wale wa mazoezi machache wenye kalisi kama hiyo. Na hesabu iliyochapishwa mwaka 2012, iliyohusu washiriki milioni 10.9 wa marathoni na nusu-marathoni nchini Marekani kati ya mwaka 2000 na 2010, ilipata visa 59 tu vya moyo kusimama. Mbio ni salama kwa walio wengi. Kilicho cha hatari ni kuzichukua kuwa cheti cha afya.

6. Je, vidonge vya vitamini?

Ikiwa oksidisho ndilo adui, na vitamini E ndiyo mlinzi, mtu angefikiri kwamba dawa ni kumeza vitamini. Wanariadha wengi wamefikiri hivyo. Majaribio makubwa yameonyesha vingine. Mwaka 2000 jaribio lililoitwa HOPE, lenye wagonjwa zaidi ya 9,500, halikupata faida yoyote ya vitamini E kwa moyo. Mwaka 2002 jaribio la Uingereza lenye watu 20,536 lilitoa vitamini C, vitamini E na beta-karotini kwa miaka mitano hivi. Halikupata faida pia. Lakini katika jaribio hilo hilo, dawa ya kuishusha LDL, simvastatini, ilipunguza mishtuko ya moyo na viharusi kwa karibu robo.

Kwa mkimbiaji kuna onyo la ziada. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake, huko Ujerumani, waliwapa vijana wa kiume mazoezi kwa majuma manne. Baadhi yao walimeza pia vitamini C na E kwa wingi. Wale wasiomeza vidonge ndio walioboresha matumizi ya sukari mwilini. Kwa waliomeza, faida hiyo ilizuiwa. Yaelekea kwamba zile radikali huru kidogo zinazotokana na mazoezi ndizo zinazouamsha mwili ujenge kinga yake. Anayezizima zote huuzima na ujumbe wao.

Je, nadharia ya oksidisho imeanguka? Hapana. Oksidisho la ukutani huletwa kwa sehemu na vimeng'enya vya seli walinzi wenyewe, ambavyo vitamini E haivizuii. Tena LDL nyingi huwa imekwisha kunaswa miaka mingi kabla kidonge hakijamezwa. Funzo ni kwamba njia ya hakika ni kuipunguza LDL yenyewe. Kisichokuwepo ukutani hakioksidiki.

Katika nchi yetu swali la chakula haliwezi kupita bila kuyataja mawese. Mafuta mekundu ya mawese hayana kolesteroli, na yana karotini na vitamini E kwa wingi. Hata hivyo karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni zile zilizoshiba, ambazo huiongeza LDL katika damu. Na yakichomwa mpaka yakawa meupe, karotini huharibika na asidi hizo hubaki pale pale. Basi wekundu wa mawese usituzuie kuyapima kwa kijiko.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba ugonjwa wa ateri huanza pale LDL inaponaswa na kuoksidishwa ukutani, na kwamba mbio huupa mwili kinga kadhaa bila kuliondoa chimbuko hilo. Ateri pana ni neema. Lakini ateri pana huweza pia kulificha gamba kwa muda mrefu, kwa kuwa mwenye nayo hasikii kitu mpaka nafasi yote iishe au gamba lipasuke.

Kwa hiyo mwalimu au mwanafunzi apendaye mbio asiziache. Azikimbie, lakini ajue pia mambo ambayo saa ya mkononi haimwambii: kiasi cha LDL katika damu yake, shinikizo lake la damu, sukari yake, na umri ambao wazazi wake na ndugu zake walipatwa na maradhi ya moyo. Aliyewahi kuvuta sigara asidhani kwamba kilomita zimeufuta moshi wote. Na yeyote anayebanwa kifua, koo, taya au mkono akimbiapo, kisha akapata nafuu apumzikapo, asimame siku hiyo hiyo na kumwona daktari, hata kama jana alimaliza kilomita 30. Fixx alikuwa na nguvu za kukimbia mpaka siku ya mwisho. Nguvu hizo hazikumwambia lolote juu ya hali ya ateri zake.